Marigoldi za Nyuma ya Bucha

Mara ya kwanza Kinoo kuona mtu akipigwa kwa sababu ya maua, alikuwa na miaka saba, na aliyepigwa alikuwa mama yake.

Baba yao alikuwa mchinjaji mwenye bucha yake. Nyumba ilikuwa nyuma ya bucha, na katikati palikuwa na ua mdogo wa saruji iliyopasukapasuka, ambako ngozi zilianikwa na magogo ya kukatia nyama yalisuguliwa kwa chumvi. Kando ya ukuta ulibaki ukanda wa udongo, upana wake hatua mbili. Hapo ndipo mama alipopanda marigoldi. Mbegu alizipata kwa jirani, zimefungwa kwenye kipande cha gazeti, nyembamba kama sindano zilizokatika, nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Mwezi wa pili ulipoisha, ukuta mzima ulikuwa umewaka rangi ya chungwa.

Siku hiyo baba alirudi kutoka machinjioni akakuta pipa la maji halijajaa, kwa sababu mama alimwagilia maua kwanza. Hakuuliza mara mbili. Alichukua kamba ya kufungia mbuzi, akaikunja mara tatu, akampiga mama mgongoni, mabegani na usoni mpaka mkono wake mwenyewe ukachoka. Kisha akaingia kwenye ukanda ule na mabuti yake ya mpira, akakanyaga kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, hatua kwa hatua, kama anayepima kiwanja. Harufu ya majani yaliyopondwa ikajaa uani, harufu kali iliyo kati ya dawa na limau. Kinoo alikuwa nyuma ya mlango. Kaka yake, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa amekaa kwenye ngazi akitazama kwa makini, kama mwanafunzi aliyekaza macho ubaoni.

Asubuhi mama aliamka mdomo umevimba na jicho moja limefumba. Aliokota yaliyovunjika lakini bado yana vichwa vizima, akayatia kwenye kopo la maziwa lenye maji, akaliweka dirishani. Mashina yaliyolala aliyainua, akayazika upya na kuyashindilia udongo mpaka katikati, maana shina la marigoldi likifukiwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mizizi popote. Baba alipita, akatazama, akaenda zake. Wiki tatu baadaye mimea ile ilichanua tena, na baba alikuwa ameshampiga mama kwa jambo lingine.

Kinoo halikuwa jina lake la shuleni. Baba ndiye aliyempa, kwa kuwa tangu mdogo alipenda kukaa karibu na jiwe la kunolea, akisikiliza chuma kikilia. Jina lilimganda. Na mkono wa baba nao uliwaganda wote wawili, yeye na kaka yake, kila mmoja kwa namna yake. Kaka alikuwa akimpiga kila siku kama wengine wanavyopiga mswaki. Siku moja, Kinoo akiwa na miaka tisa, kaka alimbana mkono kwenye geti la chuma na kuusukuma mlango mpaka mfupa ukasema "tak". Hospitali waliambiwa mtoto ameanguka. Mwaka huohuo Kinoo alimng'ata sikio mwanafunzi mwenzake aliyemcheka plasta, akalishikilia mpaka akaonja damu. Mwalimu wa darasa alipomwuliza sababu, alijibu kwamba hakuwa na sababu, ila alipokwisha kuanza aliona vigumu kuacha. Jibu hilo lilimpatia viboko, lakini lilikuwa la kweli.

Alipofika miaka kumi na sita aliweza kutoa mfupa wa bega la ng'ombe bila kupoteza nyama hata ya kushibisha panya. Kaka yake alikuwa na nguvu kuliko yeye, ila hakuwa na subira. Mteja mmoja alilalamika kwamba nyama ina mifupa mingi, kaka akamtandika usoni kwa kulabu ya kutundikia. Yule mtu alipona, lakini taya lake halikurudi sawa na maneno yakawa yanamtoka nusunusu. Kaka aliruka ukuta wa nyuma, akapita juu ya maua ya mama, akatokomea. Miaka ikapita, mama akafa kwa ugonjwa wa moyo, baba naye akafuata. Kabla ya kufa, baba aliwaita majirani wawili kando ya kitanda na kusema bucha ni ya Kinoo. Hakusema kwa nini, wala hakumtazama usoni alipokuwa akisema.

Kinoo aliolewa mara moja, kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Mume alikuwa fundi rangi, mtu wa maneno matamu na mikono mirefu. Siku alipomzaba Kinoo kofi, Kinoo alimkamata kiganja, akakibandika juu ya gogo, akakita kisu katikati ya kidole cha shahada na kidole cha kati. Kisha akamwuliza kama ana neno la kuongeza.  Mume alihama kesho yake, akaacha hata brashi zake. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukachoka. Kinoo mwenyewe hakucheka. Kisu kilikosa nyama kwa unene wa ukucha, na yeye hakuwa na hakika kama alikusudia kikose.

Maua aliendelea kuyapanda kwa sababu mama yake aliyapanda. Hakuyajua vizuri. Aliyakata ovyo kwa kisu cha mifupa, akayasokomeza kwenye kopo juu ya kaunta, karibu na mizani, ili harufu yake ishindane na ya damu. Siku ya tatu maji yalikuwa meusi na kopo linanuka kuliko matumbo ya mbuzi.

Aliyemfungua macho alikuwa mwalimu mstaafu, mama mwembamba mwenye miwani, aliyekuja kila Jumamosi kununua maini. Mtaani wote walimwita Mwalimu. Siku moja alisimama mbele ya kopo lile akalinusa, akavua miwani.

"Mwanangu," akasema, "wewe nyama unaijua. Maua unayaua mara mbili."

Akaomba aonyeshwe bustani. Kinoo alimpeleka uani shingo upande, akijua wateja wanasubiri, na wakakaa huko nusu saa. Mwalimu alimweleza kwamba marigoldi haipendi kubembelezwa. Kinoo alikuwa akiimwagia damu na unga wa mifupa, akidhani anailisha, kumbe udongo ulionona kupita kiasi huinenepesha majani na maua yanakuwa haba. Akamwambia mche ukifika urefu wa kiganja audonoe kileleni bila huruma, ili utoe matawi pembeni. Maji yawekwe shinani, yasimwagwe kichwani, maana ua lake limejaa kama sifongo; likilowa linakuwa zito, shingo inakatika. Kuhusu kukata, Mwalimu alikuwa mkali zaidi. Ukate asubuhi, kabla jua halijakaza, na ukate ua lililokwisha kufunguka, kwa kuwa tumba la marigoldi likikatwa limefumba hufa limefumba. Uteremke chini mpaka penye kifundo cha majani, upate shina refu. Majani yote yatakayozama majini yatolewe, ndiyo yanayooza na kunuka. Maji yabadilishwe kila baada ya siku moja. Ukifanya hivyo, alisema, yatakaa wiki mbili na wageni watadhani ni ya plastiki.

Alimletea pia mbegu za aina nyingine. Kinoo hakuwa akijua kwamba zipo aina. Zilikuwepo ndefu zinazofika kifuani, za njano ya limau na za chungwa, zenye vichwa vinavyojaza kiganja. Hizo ndizo za kukata. Zilikuwepo fupi za pembeni, nyekundu ya kutu yenye ukingo wa dhahabu, ambazo hupandwa kando ya nyanya ili kupunguza minyoo midogo inayokula mizizi. Kinoo alinunua mkasi wa bustani, akawa anaunoa mwenyewe kwenye jiwe la baba yake mpaka ukakata shina bila kulibana. Aligundua kitu kilichomshangaza, kwamba kadiri alivyozikata ndivyo zilivyozidi kuchanua. Kila shina alilolikata lilirudi na mawili. Kaunta ikawa na jagi la bati lililojaa, na watu wakaanza kuingia buchani kuomba shada kabla ya kuomba steki. Fundi viatu wa kibanda cha jirani alimwambia kwamba sasa ng'ombe wake wanazikwa kwa heshima.

Lakini mkono ulikuwa bado ni uleule. Jumamosi moja mbeba nyama, mtu mzima mwenye watoto wanne, aliteleza akaangusha robo ya ng'ombe kwenye matope. Kinoo alitoka nje akampiga makofi matatu mbele ya wateja, mfululizo, la mwisho kwa mgongo wa mkono wenye pete. Damu ikamchuruzika yule mtu puani. Mwalimu alikuwa kwenye foleni. Aliondoka bila maini, na Jumamosi mbili zilizofuata hakuonekana.

Kinoo alivumilia, akashindwa. Alikata shada la maua ishirini, akalifunga kwa uzi wa kufungia nyama, akaenda kugonga kwa Mwalimu. Mama yule alifungua mlango nusu.

"Umeniletea maua au umeniletea samahani?"

Kinoo alisema kusema samahani hakufundishwa.

"Basi hayo si yangu. Mpelekee uliyempasua pua."

Alikwenda nayo hadi kwa mbeba nyama, njia nzima watu wakimtazama. Yule mtu aliyapokea kwa mikono miwili akayaweka mbali na mwili wake, mithili ya aliyekabidhiwa nyoka, na mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi kuona kama kuna vita. Kinoo alisema, huku akitazama kizingiti, kwamba hatampiga tena. Mbeba nyama akasema sawa. Jumatatu alirudi kazini, lakini tangu hapo alipopita karibu na Kinoo alikuwa akiinua bega moja kidogo bila kujua, na Kinoo aliliona bega hilo kila siku.

Mambo yalikuwa hivyo kaka yake aliporudi. Ilikuwa imepita miaka kumi na tisa. Aliingia saa nne asubuhi, akasimama kwenye foleni kama mteja. Alikuwa amenenepa shingo na meno ya mbele yamepungua. Foleni ilipomfikisha kwenye kaunta, Kinoo alimtambua kwa namna alivyokuwa akitazama bila kupepesa. Kaka hakupaza sauti. Alisema amechoka kutangatanga, kwamba yeye ndiye mtoto wa kiume na mkubwa, na bucha ya baba ni yake. Kinoo alimwambia anaweza kumpa kazi ya msumeno na chumba cha nyuma. Kaka alicheka, akachukua ua moja kwenye jagi, akalinusa, akalisokota shingo mpaka likabaki kichwa mkononi. Kichwa akakiweka juu ya mizani.

"Nitarudi, Kinoo," akasema. "Usinilazimishe nitumie nguvu."

Kinoo aliripoti polisi. Waliandika, wakamwambia ugomvi wa ndugu bora umalizwe nyumbani. Fundi viatu alimshauri afunge kwa wiki moja akakae kwa Mwalimu. Kinoo alisema hakufunga bucha hata siku ya mazishi ya baba yake, hawezi kuifunga kwa ajili ya mtu aliyekosa meno. Lakini tangu siku hiyo mkasi wa bustani haukutoka mfukoni mwa aproni.

Alhamisi iliyofuata, yapata saa tano, alikuwa anapima nyama ya kusaga aliposikia sauti kutoka uani. Chwaa. Chwaa. Sauti ya panga likipita kwenye kitu laini. Alimwambia mteja asubiri, akatoka.

Kaka alikuwa ameruka ukuta uleule aliotorokea. Alikuwa katikati ya zile ndefu za kifuani, akizifyeka kwa panga, kichwa baada ya kichwa, na ardhi yote imegeuka ya njano na chungwa. Alikuwa anafanya kwa utulivu. Harufu ile kali ilikuwa imejaa, na Kinoo akajikuta ana miaka saba, nyuma ya mlango.

"Baba alikosea," kaka akasema bila kugeuka. "Yeye aliyakanyaga tu."

Kinoo alimwambia atoke. Kaka aligeuka, na panga likageuka naye. Pigo la kwanza lilikuja kutoka juu, na Kinoo alifanya ambacho mtu yeyote angefanya, akainua mkono wa kushoto. Panga likapita kiganjani kutoka kidole gumba hadi ukingo wa pili, likagota kwenye mfupa. Hakusikia maumivu. Aliona vidole vyake vinne vikilegea vyote kwa pamoja, na akafikiri, kwa akili tulivu ya mchinjaji, kwamba kano zimekwenda. Mkono wa kulia ulikuwa tayari mfukoni. Aliutoa mkasi umefumbwa, akamchoma kaka pajani, akauchomoa.

Kaka alipiga ukelele, akashusha panga tena, likakwaruza ukuta likatoa cheche. Alikuwa amefungua upande wake wote wa kulia. Kinoo alimchoma mara ya pili, chini ya mfupa wa mtulinga, karibu na bega, akasukuma kwa uzito wa mwili wake mzima mpaka mpini ukagusa shati. Kaka aliyumba, akaanguka chali juu ya maua aliyoyakata. Panga lilimponyoka, likalala mbali na mkono wake. Damu ilimtoka kwa mapigo. Alimtazama dada yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akapepesa macho.

"Basi, dada," akasema. "Basi. Yamekwisha."

Alikuwa amesema kweli. Yalikuwa yamekwisha. Panga lilikuwa mbali, mtu yuko chini, na geti liko wazi. Kinoo alitembea hatua nne hadi ukutani, akachukua sepetu kwa mkono mmoja, akaiegemeza begani, akarudi hatua nne. Akaishusha kwa ukingo wake juu ya goti la kaka. Goti lilipasuka kwa sauti aliyoijua vizuri, sauti ya kazi yake ya kila siku. Akaiinua tena.

Fundi viatu ndiye aliyemkamata kiuno kwa nyuma. Kinoo alimpiga kiwiko akamvunja jino, naye hakumwachia. Mbeba nyama akaja, akashika sepetu, wote watatu wakaanguka kwenye udongo. Kinoo alisikia mtu anakoroma kama ng'ombe aliyekatwa koo, na ikamchukua muda kujua kwamba ni yeye mwenyewe.

Hospitali walimshona kiganja kwa saa mbili. Daktari alimwambia vidole vitabaki nusu wazi, havitashika tena kitu kizito. Kaka alilazwa wodi ya wanaume, ghorofa ya chini, na askari mlangoni. Aliponea chupuchupu. Goti halikutengenezeka.

Kesi ilikuja baada ya miezi mitano, na wote wawili walishtakiwa. Wakili wa Kinoo alikuwa kijana mchangamfu aliyeona mambo ni mepesi. Kaka alivamia, alikuwa na panga, mwanamke alijitetea. Kuhusu goti, alimfundisha aseme kaka alikuwa anajaribu kuinuka. Fundi viatu alikuwa tayari kuapa hivyohivyo, pamoja na jino lake lililovunjika. Mwalimu peke yake ndiye aliyenyamaza. Kinoo alipomwuliza asemeje, Mwalimu alimjibu kwamba yeye hakuwepo uani.

Kizimbani Kinoo alieleza kila kitu, tangu sauti ya panga. Hakimu, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alimwuliza alimpiga kaka yake mara ngapi.

"Mara tatu, mheshimiwa."

"Zote ulikuwa unajitetea?"

Wakili wake alikohoa. Kinoo aliangalia mkono wake wenye kovu, halafu akamwangalia kaka kwenye kiti cha magurudumu, ngozi imemlegea shingoni. Alimchukia bado. Angependa kusema ndiyo.

"Pigo la kwanza nilijitetea," akasema. "La pili pia. La tatu lilikuwa langu. Alikuwa ameshaniambia basi."

 Wakili akakaa chini akafunga jalada. Kaka alipata miaka saba. Kinoo alipata miezi minane, na hakimu alisema wazi kwamba ingekuwa kuachiwa huru kama si jibu lile, na kwamba yeye hawezi kujifanya hakulisikia. Fundi viatu alimfuata hadi kwenye gari la magereza akimlaumu kwa kukosa akili. Alikuwa analia, na pengo lake lilifanya kila neno litoke na filimbi. Kinoo akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi mitano.

Gerezani alipangwa kwenye bustani ya mboga kwa sababu ya mkono. Nyanya za huko zilikuwa zinanyauka mizizi imejaa vinundu. Kinoo alimwomba Mwalimu alete mbegu za zile fupi za rangi ya kutu, na bibi afya wa gereza, aliyesimamia bustani, akakubali ingawa wenzake walimcheka. Zilipochanua, wanawake walianza kuzichuma kwa siri na kuzificha vifuani. Mmoja wao, mtu wa misuli aliyekuwa akitawala chumba chao, alitaka zote ziwe zake. Siku Kinoo alipomkatalia, mwanamke huyo alimpiga kwa bakuli la chuma kwenye nyusi, mbele ya wote, pale bombani.

Kinoo alikuwa na jembe mkononi. Damu ilimwingia jichoni. Wote waliokuwepo walikuwa wamesikia habari za goti, wakasogea nyuma kumpisha. Alisimama hivyo, mkono wa kulia umeng'ang'ania mpini. Yule mwanamke akampiga tena. Kinoo akaliacha jembe lianguke, akakaa chini, akafunika kichwa kwa mikono, akapigwa mpaka askari walipofika. Baadaye alimwambia Mwalimu kwamba hakujisikia mwema hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyetapika.

Alipotoka, robo ya ng'ombe hakuiweza tena. Alimkabidhi mbeba nyama visu na kaunta, na yeye mwenyewe akachukua ua wote. Alibomoa saruji kwa nyundo, kipande kwa kipande, akiishika kwa mkono mmoja, akaleta udongo mwepesi wa mchanga. Leo ni safu kumi na nne za zile ndefu. Anakata alfajiri mpaka saa mbili, anavua majani ya chini kwa kulipitisha shina kati ya vidole visivyofunga, kazi ambayo vidole hivyo vinaiweza kuliko vilivyo vizima, na ndoo zinapangwa mbele ya bucha. Wenye harusi wanakuja, wenye misiba wanakuja. Wapo wasioipenda harufu. Yeye anaipenda asubuhi zaidi, majani yakiwa na umande, inapomkaa mikononi hata baada ya sabuni.

Kaka yake alitoka baada ya miaka mitano. Alikuja mchana, akitembelea gongo, mguu wa kulia umenyooka kama ubao. Kinoo alikuwa amepiga magoti akidonoa vilele vya miche. Hakuinuka. Mkono wa kulia uliingia mfukoni mwa aproni ukakaa humo.

"Hili goti halikunjiki," kaka akasema.

"Na huu mkono haufungi."

 Kaka aliangalia safu zile moja baada ya nyingine, akauliza kama mama aliwahi kuwa na nyingi namna hii. Kinoo akasema hapana, mama alikuwa na ukanda wa hatua mbili tu. Kaka akauliza tena, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama ingetokea leo angempiga lile la tatu.

Kinoo alifikiri. "Sijui," akasema. "Usinijaribu."

Kaka aliomba maji ya kunywa. Kinoo alimwonyesha bomba la nje, karibu na geti, akamwangalia akinywa kwa kiganja mpaka alipotosheka. Ndani hakumkaribisha. Sasa kaka analinda yadi ya mbao upande wa pili wa mji, na inasemekana ni mkali kwa wezi. Wamekutana mara mbili tangu siku hiyo, barabarani, wakasalimiana kwa mbali, na kila mmoja akashika njia yake.